Vichwa vya Kapu

Daktari Amedeo Valperga alimchoma Celso Ramella kwa umeme kwenye ncha ya kidole cha shahada, na Celso akaendelea kutazama dirishani kana kwamba kidole ni cha mtu mwingine.

"Andika," Daktari alimwambia karani wa mahakama. "Mkono wa kulia, hasikii maumivu."

Akaongeza nguvu ya mashine. Celso alipepesa macho mara moja, kwa adabu tu.

"Andika. Hata kwa nguvu ya pili."

Inspekta Ottavio Gremmo alikuwa amesimama karibu na jiko la chuma, mikono nyuma. Alikuwa na miaka hamsini na moja, thelathini kati ya hiyo ameimaliza akikamata watu wa Novara, na San Grato alikozaliwa hakuwahi kukanyaga tena tangu amzike mama yake. Sasa alikuwa amerudishwa na maiti. Jumapili ya sikukuu ya mtakatifu wa mji, watu wote wakiwa kwenye maandamano, Eusebio Zanone, msimamizi wa kiwanda cha kofia, alipigwa kichwani kwa kalibu ya mbao ya kuumbia kofia ndani ya chumba cha mapipa ya maji moto. Kando ya maiti ilikutwa kofia nyeusi, ngumu, ya duara, na utepe wa ndani wenye jina la mwenyewe umenyofolewa.

Kiwandani humo Celso alikuwa mkandaji, kazi ya kukanda manyoya kwenye maji moto mpaka yashikane yawe kofia. Alikuwa amekorofishana na Zanone mwezi mzima. Aliwahi kukaa jela miezi sita kwa kumpiga mlinzi siku ya mgomo. Baya zaidi, jioni ya sikukuu alionekana kichwa wazi, na katika mji unaoishi kwa kofia, mwanamume kichwa wazi siku ya sikukuu ni kama aliyesahau suruali nyumbani. Mwenyewe alisema yake ilipotea kilabuni. Hakimu Bonino aliichukua ile iliyokutwa na maiti, akamvika mbele ya mashahidi, ikaingia. Hapo hakimu akaridhika.

Kilichobaki ni ripoti ya Daktari, aliyeletwa kutoka Torino na sayansi yake mpya inayosema mhalifu hafanywi, huzaliwa. Saa tisa hakimu angetia saini, na saa kumi gari la farasi lingeondoka na Celso kwenda Novara, kwenye mahakama kuu, ambako ripoti kama ile ilitosha kumpa mtu kifungo cha maisha. Mke wake Marietta, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa amekaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi, na hakuna askari aliyethubutu kumwambia aondoke.

"Daktari," Gremmo alisema, "huo mkono umeshinda miaka kumi na miwili kwenye maji yanayochemka yenye tindikali. Unachoma ngozi iliyokufa. Hebu mchome shingoni."

"Fomu inasema ncha za vidole, Bwana Inspekta."

"Fomu iliandikwa na mtu aliyewahi kukanda manyoya?"

Daktari alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye kucha safi, na aliamini kila alichoandika. Akaeleza kwa upole kwamba kila mji aendako huambiwa ipo sababu: huku ni maji moto, kule ni jembe, kwingine ni baridi ya milimani. Sababu ni nyingi, alisema, lakini vichwa ni vile vile. Akachukua bikari yake ya chuma akaanza kumpima Celso kichwa, akitaja namba moja moja. Masikio yametokeza. Mikono inatetemeka. Mchoro wa tai kifuani, aliochorwa jeshini. Kisha akafika nyuma ya sikio la kushoto, akapima mara tatu, na sauti ikambadilika kwa furaha.

"Upande wa kushoto umebonyea. Andika vizuri, karani, hili ni jambo kubwa. Umebonyea kabisa."

Gremmo alikuwa akiviangalia vile vidole. Mama yake alikuwa navyo, vyeupe na vigumu, na alikuwa akitoa viazi kwenye chungu kinachotokota bila kijiko, huku akisimulia habari za jirani. Watoto wake waliona kila mama hufanya hivyo. Alipofika Novara na kumwona mama mwenye nyumba akipiga kelele kwa kushika sufuria, alicheka mpaka akatakiwa aombe radhi. Asubuhi ile, akiwa amesimama pale kando ya jiko, alimkumbuka mama yake kwa uchungu ambao hakuutegemea.

Mlango ukafunguka, akaingia Secondo Berra, mfamasia, na birika la kahawa. Mashine ya umeme ilikuwa yake; aliitumia kuwakanda wazee wenye viungo vibovu. Aliuuzia mji dawa ya kikohozi na kukiuzia kiwanda maji ya zebaki ya kupaka manyoya, tena alikuwa naibu meya, na Daktari alikuwa amefikia kwake. Kichwani alivaa kofia ya sufu ya kufuma, Septemba ile.

"Tavio!" alisema, akamkumbatia Gremmo birika likiwa mkononi. "Kichwa cha kapu! Umepata kitambi, ndugu yangu. Mama anakuulizia kila siku. Anasema usiondoke bila kuja kula."

"Nitakuja. Na wewe mbona umejifunika hivyo kama bibi wa kanisani?"

"Baridi, Tavio. Damu imekuwa maji."

Walicheka wote wawili. Miaka thelathini Gremmo hakuwa amesikia mtu akimwita Tavio, na joto la jina lile lilimfanya asahau kidogo kazi iliyomleta.

Secondo alipotoka, Gremmo aliomba kitu kimoja. Celso avishwe ile kofia tena. Daktari hakuona ubaya. Ikavishwa, ikaingia, ikafika mpaka kwenye nyusi. Gremmo akazunguka nyuma ya kiti, akaingiza kidole kati ya kofia na kichwa, upande wa kushoto nyuma ya sikio. Kidole kilizama mpaka kiungo cha pili.

"Haimkai," alisema.

"Itamkaaje?" Daktari alisema. "Kichwa chake ndicho kibovu. Hakuna kofia iliyotengenezwa kwa ajili ya kichwa kama hicho."

Gremmo alimtazama kwa muda. Torino mtu hununua kofia dukani, kama anavyonunua kitabu, na kichwa kikikataa, kosa ni la kichwa. Haikumpitikia Daktari kwamba San Grato kofia hufuata kichwa. Inspekta akaivua ile kofia kichwani mwa Celso, akaiweka kwapani, akamwambia karani kwamba atairudisha kabla ya saa tisa.

Korido nzima Marietta alimfuata kwa macho.

* * *

Duka la Delfina lilikuwa nyuma ya kanisa, pale pale. Watu wote wa mji walimwita Magna Delfina, yaani shangazi, na hakuwa shangazi wa yeyote. Kazi yake, kwa miaka hamsini, ilikuwa kuzikalisha kofia ngumu: kuzipasha kwenye mkaa na kuzibonyeza mpaka zifuate kichwa cha mwenyewe, nundu kwa nundu.

Gremmo alisimama mlangoni kwanza. Manyoya yaliyolowa, mkaa, gundi iliyoyeyuka. Harufu ilikuwa ile ile, na alijiona tena ana miaka sita, ametumwa kuchukua kofia ya baba, ameambiwa asiichezee njiani.

"Ingia au toka, unanitolea joto," Delfina alisema bila kuinua kichwa. Kisha akainua. "Ee, Tavio wa Ernesta. Umezeeka vibaya, mwanangu. Na hiyo uliyovaa ni kofia au sufuria?"

"Ya Novara, Magna."

"Inaonekana. Ivue, inanitia aibu hata mimi."

Aliivua. Akamkabidhi ile nyingine, na hakumwambia chochote. Bibi hakuitazama. Alifumba macho, akaingiza mikono yote miwili ndani, akazungusha vidole taratibu kwenye ukingo, kama mtu anayemwosha mtoto uso.

"Nimeikalisha mimi," alisema. "Miaka minne, mitano. Wanasema ni ya Celso?"

"Hakimu anasema. Ilimwingia."

"Kofia yoyote inaingia, Tavio. Kukaa ndiyo kazi." Akafumbua macho. "Huyu hakulala kapuni."

Gremmo akavuta kigoda akaketi. Alikuwa ameshuku hivyo tangu kidole kilipozama, lakini kushuku si kusikia.

Kiwandani, tangu enzi za bibi zake, wanawake hawakuwa na pa kuwaacha watoto. Kila benchi lilikuwa na msumari upande wa kushoto wa goti, na kwenye msumari lilining'inia kapu, wao huliita cavagna, limetandikwa mabaki ya manyoya. Mtoto alilala humo tangu wiki ya tatu mpaka aanze kutambaa, uso ukielekea kwa mama na dirishani, daima upande ule ule, na mama alimbembeleza kwa mguu huku mikono ikiwa majini. Makapu arobaini kwa safu moja. Mvuke, kelele za mapipa, wanawake wakitaniana kwa sauti kubwa juu ya vichwa vya watoto wao. Kichwa cha mtoto ni laini. Kufika Pasaka kilikuwa kimeshachukua umbo la kapu, na kilibaki nalo mpaka kaburini. Watoto wa vijiji vya juu waliwazomea: vichwa vya kapu, vichwa vya kapu! Nao walijibu kwa mawe, na walikuwa na shabaha.

"Unakumbuka tulivyokuwa tukipanda ukuta wa duka la dawa?" Gremmo aliuliza.

"Kutazama kitanda cha Secondo." Delfina alicheka. "Na chandarua chake cheupe. Mama yake, Mama Clotilde, alikuwa akiwatupia mkate mshuke, mkawa mnapanda makusudi."

"Tulimwonea wivu sana, Magna. Mama wa kukaa naye nyumbani mchana kutwa."

Delfina aliacha kucheka. Akainuka, akavuta droo moja baada ya nyingine.

Ndani ya droo zile ulikuwamo mji mzima. Alikuwa na chombo cha vijiti vya mbao ambacho mteja huvalishwa kichwani, na juu yake sindano hutoboa kwenye kadi umbo la kichwa kile, dogo kama kiganja. Kila kadi ina jina mgongoni. Gremmo alimweleza anachotaka. Atandaze utepe wa madini laini ya risasi ndani ya ile kofia mpaka ushike umbo lake, autoe, auvalishe chombo, atoboe kadi mpya. Kisha aitafutie mwenzake kwenye droo. Akiipata, aandike jina lake mgongoni mwa ile mpya. Halafu amchagulie kadi nyingine tano za watu wa mji waliolala kapuni.

"Na jina usiniambie," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nitamwonyesha Daktari, na yule kazi yake ni kusoma nyuso za watu. Nikijua, atanisoma mimi aache kadi."

Ilimchukua nusu saa. Alifanya kazi bila miwani, kwa vidole zaidi kuliko macho, huku akinung'unika juu ya wateja wa siku hizi wanaopanda meli kwenda Amerika na kurudi na kofia za majani. Alipopata kadi aliyoitafuta aliipachika juu ya ile mpya, akaziinua dirishani, na mwanga ukapita kwenye matundu yote bila kukosa hata moja. Akachukua penseli. Aliandika, kisha akabaki ameishika.

"Tavio," alisema, "ukishasoma, usije hapa kunilaumu."

* * *

Hakimu Bonino alikuwa ameshachovya kalamu. Alikuwa mtu wa bondeni, mwenye mafua ya kudumu, na alitaka kuwahi chakula kwao. Gremmo alimwomba robo saa. Kisha akamgeukia Daktari Valperga na kumwomba somo, kwa heshima zote, kofia yake ya Novara mkononi. Alisema yeye ni askari wa zamani, amesikia mengi juu ya sayansi hii, na angependa kuona jinsi mtaalamu anavyofanya kazi kabla hajastaafu. Akazipanga kadi sita mezani, majina chini.

Daktari alifurahi. Alieleza kwanza kwamba umbo peke yake halitoshi, lazima kuwe na fuvu lenyewe, kisha akainama juu ya kadi na hakuweza kujizuia. Alizisogeza kwa ncha ya kidole. Moja kushoto, ya pili kushoto, ya tatu.

"Ajabu," alisema. "Hawa watano. Mbonyeo mmoja, mahali pamoja. Inspekta, umezipata wapi? Hii ni familia moja. Damu moja ya uhalifu, vizazi viwili au vitatu!"

"Na huyo wa sita?"

"Huyu?" Daktari aliiinua kadi dirishani. "Huyu ni mtu kamili. Tazameni ulinganifu wake. Mtu wa kiasi, mwenye huruma. Ningempa binti yangu amwoe, kama ningekuwa na binti."

"Mhalifu huyu hawezi kuwa?"

"Niko tayari kutia saini."

Gremmo akageuza kadi ya kwanza kati ya zile tano. Celso Ramella. Daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ya pili ilikuwa ya Padri Defendente, aliyekufa mwaka juzi na watu bado wanamwombea kama mtakatifu. Ya tatu ilikuwa ya meya. Ya nne ilikuwa ya marehemu Eusebio Zanone.

"Na ya tano ni yangu," Gremmo alisema, akiigeuza. "Hatuna undugu hata kidogo, Daktari. Tulichoshirikiana ni kulala kwenye kapu, upande mmoja, mama zetu wakiwa kazini. Kichwa changu kinakwambia nililala wapi. Nilichokuja kufanya baadaye hakikijui."

Masikio ya Daktari yalikuwa yamemwiva.

Hakimu alipenga kamasi. "Inspekta, umenifurahisha. Lakini huo si ushahidi. Mtu aliyelala kapuni naye anaweza kuua."

"Anaweza, Mheshimiwa. Ila kadi ya sita haikutoka kichwani mwa mtu. Imetoka ndani ya ile kofia iliyokutwa na maiti." Akaiweka kofia mezani. "Daktari ametwambia sasa hivi, mbele ya karani, kwamba kichwa kilichoivaa hii na kichwa cha Celso haviwezi kuwa kimoja. Alisema yuko tayari kutia saini. Naomba atie."

Daktari Valperga, na hili Gremmo alimheshimu kwalo mpaka mwisho, alivuta kiti, akaomba karatasi, akaandika.

"Basi ni ya nani?" hakimu aliuliza.

Hapo tu ndipo Gremmo alipogeuza kadi ya sita. Alisoma jina. Akalisoma tena, ingawa mwandiko wa Delfina ulikuwa mkubwa na wazi kama wa mtoto wa shule. Kisha akaisukuma kadi upande wa pili wa meza.

"Secondo Berra," hakimu alisoma. "Naibu meya? Haiwezekani."

Karani, aliyekuwa hajasema lolote tangu asubuhi, alikohoa. Alisema Bwana Berra siku zote alikuwa na kofia nzuri nyeusi, na kwamba tangu Jumapili yeye mwenyewe amekuwa akimshangaa na ile ya sufu.

Hakimu akarudi kwenye jalada. Ndani yake ilikuwamo barua iliyopatikana mfukoni mwa Zanone, mistari mitatu kwa mganga mkuu wa mkoa, haijamalizika: kwamba maji ya zebaki yamezidishwa ukali, kwamba wakandaji wanatetemeka mikono na kupatwa na hasira zisizo na sababu. Haikumtaja mtu, kwa hiyo iliwekwa kando. Sasa waliisoma watu watatu kwa pamoja, na hakuna aliyehitaji kumwuliza mwenzake nani anayachanganya maji hayo.

* * *

Mama Clotilde alifungua mlango wa duka la dawa mwenyewe. Alikuwa amefupika sana. Alimshika Gremmo mashavu, akamvuta ndani, akamwambia zile plamu alizokuwa akiiba bado zipo ukutani, na leo asiibe, amempikia. Akaenda jikoni kukoroga uji mzito wa mahindi.

Secondo alikuwa nyuma ya kaunta, akipanga chupa. Alimwona rafiki yake amesimama bila kukaa, akaelewa. Akaivua ile kofia ya sufu na kuiweka juu ya mizani.

"Delfina," alisema.

"Delfina."

"Sikuwaza kadi. Ilikuwa imerukiwa na damu, nisingeweza kupita nayo mjini. Nilinyofoa jina tu." Alizungumza polepole, akitazama mlango wa jikoni. "Alisema angeipeleka barua Jumatatu. Nilimfuata nimsihi. Kiwanda kilitaka manyoya yashikane haraka, Tavio, si mimi. Mimi nilichanganya tu walivyotaka. Akanigeuzia mgongo."

"Na Celso? Ungemwacha aende?"

Secondo akasema jambo ambalo Gremmo alilikumbuka miaka yote iliyobaki.

"Jumatatu usiku Daktari alinieleza mezani, kabla hata hajamwona, kwa maelezo ya polisi tu. Alisema watu kama Celso damu yao imeshaandika. Kama si leo kesho, ataua. Nililala, Tavio. Ile siku ya kwanza sikuwa nimelala, lakini baada ya kuambiwa hivyo nililala. Nikajiambia nimetangulia tu kufanya ambalo yeye angelifanya."

"Mikono yake inatetemeka kwa dawa yako."

"Najua."

Gremmo alitaka kumpiga. Alitaka pia kupanda ukuta na kutupiwa mkate. Hakufanya lolote kati ya hayo. Walitoka kwa mlango wa uani, wamekamatana mikono kama watu wanaokwenda kuangalia bustani, na nyuma yao Mama Clotilde alikuwa akiuliza nani atakula na siagi na nani atakula na jibini.

* * *

Saa kumi kasoro dakika tano Gremmo alifungua mlango wa chumba cha mahabusu mwenyewe. Marietta alikuwa nyuma yake, ameshika kiuno kwa mikono miwili. Inspekta alisoma amri ya kuachiwa, akamfungua Celso pingu.

Celso hakuinuka. Alitazama viganja vyake.

"Inspekta, mimi sikumuua Zanone. Hilo nalijua."

"Sote tunalijua sasa. Haya, mkeo anakungoja."

"Lakini yule Daktari kasoma kichwa changu, na kaandika. Alinieleza pole pole, hakunitukana. Alisema imo ndani, inangoja siku yake tu." Akashusha sauti ili mkewe asisikie, na mkewe alikuwa anasikia. "Hasira huwa zinanipanda, bwana, hata sijui zinatoka wapi. Nisije nikarudi nyumbani nikamdhuru huyu. Na mtoto je? Alisema inarithiwa. Si afadhali mnifungie tu?"

Gremmo alikaa kwenye benchi kando yake. Alimwambia habari za maji ya zebaki kwa maneno machache, na kwamba atafute kazi nyingine, hata ya kukata mawe. Celso alitikisa kichwa bila kuonyesha kama ameamini. Bado alikuwa na swali moja usoni, na alikuwa akimwangalia mke wake tumbo.

Marietta ndiye aliyeuliza.

"Mtoto, Bwana Inspekta. Tumfanyeje?"

"Mgeuzeni," Gremmo alisema. "Leo mlazeni kushoto, kesho kulia."